Mtambo Unaotiwa Moto Makusudi

Katika maabara za kupimia mitambo ya simu, kuna siku mhandisi hutia moto mtambo mzima kwa makusudi. Huchomoa kadi moja kutoka kwenye raki, na katika nafasi iliyobaki wazi huingiza bomba jembamba lenye matundu, akalipitishia gesi ya methani, kisha akaliwasha. Feni za mtambo haziguswi. Zinaendelea kuvuta hewa kama zingevuta siku yoyote ya kazi. Mwali unakua, unafika kileleni, unashuka, yote kwa ratiba iliyoandikwa kwa sekunde. Gesi ikishafungwa, watu husimama nyuma ya kioo na kusubiri. Moto ukijifia ndani ya raki, mtambo umefaulu. Ukitoka nje na kushika raki ya jirani, umefeli, hata kama ndani yake kuna kila ufundi wa kisasa, na mtengenezaji atarudi kwenye meza ya michoro.

Ni mtihani wa ajabu kwa kitu ambacho kazi yake ni kupitisha sauti na ujumbe. Anayenunua simu dukani huuliza kamera, huuliza betri, huuliza bei. Nani amewahi kuuliza kama mtambo unaopokea simu yake mjini uliwahi kuchomwa moto? Na bado mtihani huo haukutungwa na mtu aliyekosa shughuli. Kila kipengele chake kina chanzo, na sehemu kubwa ya chanzo hicho iko Marekani, nchi ambayo ilijenga vituo vikubwa mno vya simu mapema kuliko wengine, na kwa hiyo ikaviona vikiungua mapema kuliko wengine.

Usiku wa tarehe 27 Februari 1975, muda mfupi baada ya saa sita, shoti ilipiga katika chumba cha chini kabisa cha jengo la New York Telephone, kwenye kona ya Second Avenue na mtaa wa 13, Manhattan. Jengo lilikuwa na ghorofa 11. Chumba hicho cha chini ndicho mlango wa nyaya: kila waya uliotoka mitaani uliingilia hapo, ukapinda, ukapanda ghorofani kupitia matundu yaliyoachwa kwenye sakafu. Nyaya zilivikwa plastiki ya PVC, kitu rahisi, laini, chenye sifa nzuri ya kutoshika moto upesi. Sifa hiyo ni ya kweli hadi pale moto unapokuwa mkubwa. PVC ikishaungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu, uwe wa mapafu ya binadamu au wa hewa iliyogusa chuma, hugeuka asidi.

Matundu ya sakafuni yakawa dohani. Moto na moshi vikafuata nyaya kwenda juu, ghorofa baada ya ghorofa, na wazimamoto wakafuata moshi wakiwa na mitungi ya hewa iliyokwisha mapema kuliko kazi. Kazi iliwachukua kama saa 16. Karibu wazimamoto 700 walipita katika jengo lile, na zaidi ya 200 kati yao waliandikwa majeruhi. Hakuna aliyekufa usiku ule.

Asubuhi, mitaa kama 300 ya Manhattan ilikuwa bubu. Simu zipatazo 170,000 zilikatika: za hospitali, za vituo vya zimamoto vyenyewe, za posta, za shule, za Chuo Kikuu cha New York. Enzi ile hapakuwa na simu ya mkononi ya kukimbilia. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa na kiwanda chake, Western Electric, na ilikuwa na pesa; ikakusanya watu wapatao 4,000 wakafanya kazi kwa zamu mchana na usiku. Palipoteketea pakafungwa mitambo mipya. Pale ambapo moto haukufika bali moshi ulifika, mafundi walikaa wakasugua viungo vya shaba kwa brashi na vitambaa, kimoja kimoja, kwa maana asidi ilikuwa imeanza kuvila. Siku 23 baadaye simu zikarudi. Kampuni iliuita muujiza, na ikatengeneza filamu yenye neno hilo katika jina lake.

Kwa wahandisi, sifa hiyo waliistahili. Kwa wazimamoto hesabu ilikuwa nyingine. Faili za matibabu za waliokuwapo zilipigwa muhuri mwekundu, na katika miaka iliyofuata wengi wao waliugua saratani. Wenzao na familia zao wameendelea kuutaja moshi wa usiku ule kwa jina, huku ufuatiliaji rasmi wa afya zao ukiwa hafifu. Hapa ndipo msikilizaji anaweza kuona kwa nini kiwango cha usalama cha kifaa cha simu kinajishughulisha na plastiki. Waya ni njia ya sauti siku zote za amani. Siku ya moto ni kuni, na aina ya moshi wake imekwisha kuamuliwa na mtu wa manunuzi miaka mingi kabla.

Miaka hiyohiyo ya 1970, maabara za kampuni hiyo mama, Bell Labs, zilikuwa zimeanza kuandika masharti ya vifaa vinavyoingia katika majengo ya simu. Masharti hayo yakajulikana kwa jina la NEBS. Mwanzoni yalihusu mambo ya kawaida kabisa: raki iwe na kimo gani, joto kiasi gani litoke, sakafu ibebe uzito gani. Yalikuwa mambo ya ndani ya nyumba moja, maana AT&T ilijitengenezea vifaa, ikajiuzia, ikavifunga yenyewe. Fundi hakuhitaji kumwandikia ndugu yake mkataba.

Kisha, tarehe 1 Januari 1984, AT&T ikavunjwa. Zikazaliwa kampuni saba za mikoa, kila moja ikiwa huru kununua mitambo kwa yeyote: Kanada, Japani, Ulaya, popote. Uhuru huo ulikuja na swali. Muuzaji mgeni atajuaje kwamba mtambo wake utakaa katika chumba kimoja na mitambo ya wengine kumi, juu ya sakafu ya California inayotikisika, karibu na betri zenye nguvu ya kuyeyusha chuma? Kampuni hizo saba zikaanzisha taasisi ya pamoja, Bellcore, ambayo baadaye iliitwa Telcordia na mwaka 2012 ikanunuliwa na Ericsson. Kilichokuwa desturi ya nyumbani kikawa kitabu. Vitabu viwili hasa: GR-63, kinachohusu maumbile na mazingira, na GR-1089, kinachohusu umeme. Mtu anayeuza swichi kwa kampuni kubwa za simu za Marekani anazijua namba zake kama mwuza nyama anavyojua mizani.

Lakini kitabu hakikuzuia kilichotokea Hinsdale.

Hinsdale ni mji mdogo wa makazi, magharibi mwa Chicago. Tarehe 8 Mei 1988 ilikuwa Jumapili, na kwa Wamarekani ilikuwa Siku ya Mama, siku ambayo kila mtu anataka laini. Jengo la kampuni ya simu ya Illinois Bell mjini hapo halikuwa na mtu ndani; mitambo ilikuwa imeshakuwa ya kisasa kiasi cha kujiendesha, na wikendi mlango ulifungwa. Waya wa umeme uliochubuka ukagusana na ganda la chuma la waya mwingine. Shoti. Moto ukaanza kutambaa katika trei za nyaya, juu, karibu na dari.

Kitambuzi cha moto kilifanya kazi yake. Kengele ililia, ila haikulia Hinsdale. Ililia Springfield, makao makuu ya jimbo, zaidi ya kilomita 250 kutoka pale, ambako mtu mmoja wa zamu alikuwa anaangalia kengele za vituo vingi. Mtu huyo alikwisha kuzoea kengele za uongo. Hali ya hewa ilikuwa mbaya jioni ile, na dhoruba huleta kengele za uongo nyingi zaidi. Akamtafuta msimamizi. Msimamizi akatafuta fundi. Fundi akaingia kwenye gari. Kituo cha zimamoto kilikuwa mjini palepale Hinsdale, na hakuna aliyekipigia.

Fundi alipofika aliuona moshi, akataka kupiga simu. Simu haikupiga, kwa kuwa kilichokuwa kinaungua ndicho kituo cha simu. Ikabidi amsimamishe dereva aliyekuwa anapita na kumtuma akawaite wazimamoto. Tangu kengele ilie kule Springfield ilikuwa imepita karibu saa nzima.

Na walipofika hawakupata kazi nyepesi. Mitambo ya simu hutumia umeme wa betri, volti 48, ili umeme wa mtaani ukikatika simu zisikatike. Ni ubora mkubwa, hadi siku ya moto. Betri ziliendelea kulisha umeme nyaya zilizokuwa zinaungua, na hapakuwa na swichi moja ambayo mgeni angeweza kuivuta kuzima kila kitu. Vinyunyizio vya maji havikuwapo; kampuni za simu kwa muda mrefu ziliogopa maji kuliko moto, zikiamini kwamba jengo lenye vifaa vizuri halina cha kuungua.

Wateja 35,000 hivi wa mji ule na jirani zake walipoteza simu. Hao ndio walioonekana. Wasioonekana walikuwa wengi zaidi, kwa sababu Hinsdale haikuwa kituo cha kijiji: ilikuwa njia panda ya laini za masafa marefu, za simu za mkononi ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, za namba ya dharura 911, na za waongoza ndege wa O'Hare na Midway. Ndege zilicheleweshwa angani na ardhini kwa moto wa jengo ambalo abiria hawakuwahi kulisikia. Huduma kamili ilichukua wiki kadhaa kurudi.

Ofisi ya zimamoto ya jimbo la Illinois na tume inayosimamia huduma za umma zilifanya uchunguzi wa pamoja. Ukiangalia walichokiona, waya uliochubuka ni sehemu ndogo. Kengele ilikwenda mbali mno. Mpokeaji wake hakuwa na amri ya kuita zimamoto moja kwa moja. Umeme haukuweza kuzimwa upesi. Na mizigo mingi mno ilikuwa imewekwa katika jengo moja kwa sababu ilikuwa nafuu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachoweza kupimwa maabara kwa kuchoma raki moja. Huu ndio udhaifu wa viwango vya vifaa, na ni vizuri usemwe waziwazi: vinajua sana habari za kifaa, na vinajua kidogo habari za mlango, ufunguo na zamu ya Jumapili.

Hata hivyo, kwa yale vinayoyajua, vinajua kweli. Chukua tetemeko. GR-63 inataka raki ifungwe kwa boliti kwenye meza kubwa ya kutikisa, mtambo ukiwa umewashwa na unafanya kazi. Meza inatikisa kwa nusu dakika, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, kisha juu na chini, kwa mtindo uliotungwa kutokana na matetemeko ya kweli. Kichwa cha raki hakiruhusiwi kuyumba zaidi ya milimita 75. Kikizidi hapo kitagonga cha jirani, na nyaya zitakatika. Sababu haikutoka hewani. Tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la San Fernando huko California liliangusha mitambo ya simu katika kituo cha Sylmar, safu baada ya safu, wakati ambapo kila mtu katika bonde lile alikuwa anataka kujua kama ndugu zake wako hai.

Au chukua kitambaa. Katika majaribio ya umeme, mhandisi huiga ajali ambayo fundi yeyote wa mtaani anaijua: waya wa umeme mkubwa umeangukia waya wa simu. Volti mamia zinaingia mahali palipotegemea volti chache. Mtambo unaruhusiwa kufa. Hakuna anayeutaka uendelee kufanya kazi baada ya hapo. Umeviringishwa kitambaa chepesi cha pamba, na sharti kuu ni kwamba kitambaa kisishike moto. Pamba isiyo na alama ni ushahidi kwamba aliyelala chumba cha pili angeamka salama. Kuna ubinadamu mkavu katika sharti hilo, na pengine ndilo bora kuliko yote katika kitabu kile.

Yapo mengine, ya kuchekesha kidogo kwa mtu wa nje. Makabati ya mitambo yanayowekwa barabarani yana kitabu chake, GR-487, na ndani yake kuna jaribio la kulipiga kabati risasi za bunduki ya kuwindia, kwa sababu mashambani Marekani vijana wenye bunduki hupenda shabaha iliyosimama tuli. Kuna kikomo cha kelele, desibeli 78 kwa vyumba ambamo mafundi hukaa. Kuna jaribio la vumbi linalovuta unyevu, na jingine la hewa chafu ya mjini, ambamo kadi huachwa siku kadhaa katika mchanganyiko wa klorini na gesi zenye salfa na naitrojeni kwa kiasi kidogo sana, ili waone kutu itaanzia wapi.

Si kila kifaa kinalazimika kupita yote. Masharti yamepangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inauliza jambo moja tu: je, kifaa hiki kitaumiza watu au kuharibu vya jirani? Ngazi ya tatu, ya juu kabisa, inataka kifaa chenyewe kiendelee kufanya kazi katika joto, tetemeko na mshtuko wa umeme. Muuzaji akisema bidhaa yake imepita NEBS bila kutaja ngazi, mnunuzi makini humwuliza ya ngapi.

Sasa, haya yana uhusiano gani na mnara ulio nyuma ya nyumba huko Kibaha au Kakamega? Vifaa vingi vinavyofika Afrika Mashariki vimepimwa kwa viwango vya Ulaya vya ETSI na mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zaidi ya hivyo vya Marekani. Namba za vitabu zinatofautiana, maswali yanafanana. Hali ya nchi ndiyo inayoyabadilishia uzito.

Radi, kwa mfano. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya miaka 16 vya setilaiti ya NASA walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa Kabare, Kivu Kusini, jirani na Bukavu: zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Mahali pengine kadhaa pa mashariki ya Kongo pamo katika orodha ile. Mnara wa simu kilimani huko ni chuma kirefu kilichosimama peke yake juu ya mwamba, na mwamba haupokei umeme kirahisi. Fundi anaweza kufunga kizuia radi kilichopita kila mtihani wa ITU, kisha waya wa kupeleka umeme ardhini ukaishia kwenye jiwe, au ukakatwa usiku na mtu anayetafuta shaba ya kuuza. Radi ijayo itatafuta njia nyingine, na njia hiyo itapita ndani ya mtambo.

Mwinuko nao una kisa chake. GR-63 inahesabu joto la kawaida la mtambo hadi mita 1,800 juu ya bahari. Zaidi ya hapo hewa ni nyepesi, feni inavuta hewa kidogo kwa mzunguko uleule, na kadi zinapata joto zaidi. Nairobi iko karibu kabisa na mstari huo. Nyahururu, kwenye mita zaidi ya 2,300, imeuvuka. Ukishuka pwani, Mombasa au Tanga, shida inageuka: hewa nzito ya kutosha, lakini ina chumvi, na chumvi hula skrubu, hula viungo, hula bawaba za mlango wa kabati hadi mlango usifunge tena. Na kuna joto lenyewe. Kitabu kinasema mtambo uvumilie nyuzi 40 kwa kudumu, na 50 kwa muda mfupi usiozidi saa 96 mfululizo. Kibanda cha bati ambacho kiyoyozi chake kimekufa Dar es Salaam mwezi wa Februari hakihesabu saa.

Matetemeko pia si ya California peke yake. Bukoba inakumbuka tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lililobomoa nyumba na shule na kuua watu. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka bila kuuliza raki imefungwa kwa boliti ngapi.

Tanzania ina TCRA, Kenya ina Mamlaka ya Mawasiliano, na zote mbili hutaka vifaa vya mawasiliano vipate idhini kabla ya kuuzwa au kuunganishwa kwenye mtandao. Ni kazi ya lazima; bila hiyo soko lingejaa chaja zinazolipuka na redio zinazovuruga masafa. Lakini idhini ya namna hiyo inatolewa kwa kifaa. Chumba ambamo kifaa kitakaa, tangi la dizeli lililo hatua tatu kutoka mlangoni, majani makavu ndani ya ua, mlinzi anayepikia kwa mkaa pembeni, hayo yanahitaji mtu wa kwenda kuangalia kwa macho, tena zaidi ya mara moja. Fomu haiyaoni.

Korea Kusini, nchi ambayo kwa mitandao haina wa kuicheka, ilijifunza hilo kwa aibu. Tarehe 24 Novemba 2018, moto ulizuka katika njia ya nyaya chini ya tawi la kampuni ya KT huko Ahyeon, magharibi mwa Seoul. Njia ile ilikuwa na urefu wa mita 150 hivi. Zaidi ya nusu iliteketea. Ilichukua kama saa 10 kuuzima. Simu na intaneti zilikatika katika wilaya kadhaa, lakini kilichowauma watu zaidi kilikuwa malipo. Ilikuwa Jumamosi, mashine za kadi katika migahawa na maduka zikafa, na Wakorea wengi hawatembei na noti. Wenye maduka wakasimama milangoni wakiwarudisha wateja.

Baadaye ikajulikana kwamba tawi la Ahyeon lilikuwa limepangwa katika daraja la chini kabisa la umuhimu, daraja la D. Kwa daraja hilo sheria haikulazimisha kuwe na njia mbadala ya mawasiliano, na mle chini hapakuwa na vinyunyizio. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Mji ulikuwa umekua, mizigo ikaongezwa pale mwaka hadi mwaka, na daraja likabaki lilelile. Kwa nchi ambazo mkulima analipwa kwa M-Pesa, ananunua dawa kwa M-Pesa na kulipa ada ya shule kwa M-Pesa, kisa cha Ahyeon kinastahili kusomwa mara mbili zaidi ya cha New York. Nani amepanga madaraja ya vituo vyetu, lini, na kwa hesabu ya watu wa mwaka gani?

Linabaki suala la betri, na ndilo linaloendelea kukua. Kwa miongo mingi minara na vituo vya simu vilitegemea betri za risasi na asidi: nzito, zinazojulikana, zinazopungua umri karibu nusu kwa kila nyuzi kumi za joto zinazoongezeka juu ya 25. Sasa zinaondolewa na kuwekwa za lithiamu. Sababu ni nzuri. Ni nyepesi, zinachajiwa upesi, zinavumilia joto vizuri zaidi, na zinapunguza saa za jenereta. Ila seli moja ya lithiamu ikiharibika inaweza kupasha moto ya jirani, nayo ya jirani, na moto wa namna hiyo hauhitaji hewa ya nje sana kama moto wa kawaida; unaweza kuonekana umezimika kisha ukaanza upya.

Tarehe 15 Oktoba 2022, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu katika kituo cha data huko Pangyo, kusini mwa Seoul, ulizima huduma za Kakao, programu ambayo karibu kila Mkorea huitumia kwa ujumbe. Huduma zilichukua siku tano na zaidi kurudi zote. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Septemba 2025, ikawa zamu ya serikali yenyewe: mafundi walipokuwa wanahamisha betri katika kituo cha data cha taifa huko Daejeon, moto ukazuka, na mifumo 647 ya serikali ikasimamishwa. Betri hizo zilikuwa zimepita umri wa miaka kumi uliopendekezwa na zilikuwa zinahamishwa ili zikae mbali na kompyuta. Kazi ya kuleta usalama ndiyo iliyowasha moto, jambo ambalo mafundi wa umeme hawatashangaa kulisikia, maana wanajua kwamba hatari ya mtambo hupanda siku unapoguswa.

Kwa mnara wa kijijini, hatari ni ya kiasi kidogo lakini ya aina ileile. Betri ya lithiamu iliyoibwa, ikafunguliwa seli zake na kuuzwa kwa ajili ya taa za sola, imeacha nyuma mfumo wake wa kujilinda unaozuia kuchajiwa kupita kiasi. Viwango vinaipima betri ikiwa nzima, katika kasha lake, na chaja yake. Havikuandikwa kwa ajili ya seli zilizofungwa kwa utepe chini ya kitanda.

Msikilizaji akiona moshi unatoka katika kibanda cha mnara, yapo mambo mawili ya kufanya na moja la kutofanya. Kwenye uzio wa minara mingi kuna kibao chenye namba ya mnara na simu ya mmiliki. Namba ya mnara ndiyo muhimu, maana chumba cha usimamizi kinaweza kuwa mkoa mwingine. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114, na lipigiwe kwanza, kabla ya mmiliki. Asiufungue mlango wa kibanda ili kuangalia: hewa mpya ndiyo moto unayoisubiri, na betri zilizomo ndani bado zina umeme hata kama taa ya mnarani imezimika.